Wacheni Kuambia Samaki Akomae

Leo nimekasirika kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Wiki hii nimetumiwa klipu ya aina moja mara nyingi hadi nikaacha kufungua. Mtu ana tangi kubwa, safi, taa nyeupe kali, changarawe za buluu, hakuna jiwe wala mmea. Ndani kuna samaki kama sita wa kuvutia, na mmoja amejibanza nyuma ya hita. Mwenye tangi anagonga kioo kwa pete, ko ko ko. Yule samaki anachomoka, anajipiga kwa kioo cha upande wa pili, anarudi kona ileile. Watu wanacheka. Halafu ukishuka kwa komenti unapata ule ushauri wetu wa taifa: "Toa kila kitu anajificha nacho. Atazoea. Atakomaa."

Hapana. Hatakomaa. Kuna uwezekano mkubwa atakufa. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilifuata huo ushauri, na nilizika samaki wangu chini ya mparachichi hapa Fort Ternan nikiwa tayari nimepost video tatu za kumcheka.

Wacha nianze hapo, ndio mjue siwahubirii kutoka juu ya mti.

Kwa wale hawajui kwetu: ukitoka Kericho ukishuka upande wa Muhoroni, chai inaanza kupungua na miwa inaanza kuonekana. Hapo katikati ndio sisi. Tuna stesheni ya reli ya zamani, na tuna mahali ambapo Louis Leakey alifukua mwaka wa 1961 mabaki ya Kenyapithecus, aina ya nyani wa kale aliyeishi kama miaka milioni 14 iliyopita. Ukiweka mifupa kando, hatujulikani kwa mengi. Sasa kijana wa huku akipata tangi la lita 200 la mtumba, hiyo ni habari ya kijiji.

Nilichuna chai ya jirani likizo nzima, nikaongeza na pesa kidogo ya video, nikanunua tangi na samaki wanne. Muuzaji aliniambia wanaishi pamoja bila shida. Watatu walikuwa mbuna wa njano wenye milia myeusi, wanaitwa auratus. Wa nne alikuwa siklidi tausi, dume, uso wa buluu unang'aa na kifua cha rangi ya chungwa. Wote asili yao ni Ziwa Nyasa, lile ziwa Tanzania, Malawi na Msumbiji wanagawana. Manze, huyo tausi alikuwa mrembo. Ndugu yangu mdogo alikuwa anatoka shule anakuja moja kwa moja kwa tangi bila kuvua sweta.

Siku ya tatu tausi akahamia nyuma ya hita. Siku ya tano rangi ikaanza kumtoka, akabaki kijivu kama sahani ya bati iliyochakaa. Nikampigia muuzaji. Akaniambia nitoe vyungu viwili nilivyokuwa nimeweka, "usimdekeze." Nikatoa. Nikaona pia hiyo ni kontenti nzuri, nikaweka simu, nikagonga kioo. Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kupost. Sasa ukipata watazamaji hivyo utaacha? Nikafanya nyingine. Na nyingine.

Wiki ya pili akaacha kula. Mapezi akayafunga kama mwavuli. Madoa meupe madogo kama chumvi yakajaa mwilini. Asubuhi moja ndugu yangu akaniamsha, akaniambia samaki amelala ubavu. Tulipokuwa tunamzika akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa anamjificha nani?"

Mimi siku zote hizo nilikuwa nauliza, mbona huyu samaki ni mwoga. Mtoto wa darasa la nne akauliza swali la maana. Nani alikuwa anamfukuza? Nikarudi kwa video zangu mwenyewe, nikaziangalia polepole. Kila tausi akitoka, auratus mmoja anampiga ubavuni. Kila wakati. Ilikuwa pale kwa kioo, mbele ya simu yangu, na mimi nilikuwa nimeweka muziki wa kuchekesha juu yake.

Sasa tuongee ukweli kuhusu huu ushauri wa kukomaa.

Kwanza, kujificha si ugonjwa wa siklidi, ni maisha yake. Ukimtoa samaki mahali pa kujificha, hujamtoa woga. Umemtolea dawa ya woga ukamwachia ugonjwa. Samaki mwenye hofu mwili wake unatoa homoni ya mfadhaiko, kotisoli, ileile inayotoka kwako ukisikia hatua usiku nje ya nyumba. Ikitoka kidogo inamsaidia kukimbia. Ikitoka siku baada ya siku, inamshusha kinga. Ndiyo maana yale madoa meupe, ambayo ni kimelea, yalimpata yeye tausi vibaya na wale auratus wakabaki wanadunda. Maji yalikuwa yaleyale. Tofauti ni kwamba mmoja hakuwa amepumzika kwa wiki mbili.

Na rangi? Dume wa tausi akionewa anazima rangi makusudi. Rangi kali ni kama kutangaza "mimi ndiye mkubwa hapa," na anayepigwa hawezi kutangaza hivyo. Kwa hivyo ukimwona samaki uliyemnunulia rangi amegeuka kijivu, usiseme ulitapeliwa. Jiulize nani amemnyamazisha.

Pili, na hii ndiyo watu hawataki kuamini: ukimpa samaki mahali pengi pa kujificha, utamwona zaidi. Najua inasikika kama uongo. Nenda uangalie kuku wa gogo yako. Mama kuku mwenye vifaranga hatembei nao katikati ya uwanja mtupu wa shule. Anawapeleka kando ya ua, au chini ya chai. Pale wanachokora siku nzima, wanaonekana vizuri, wanatembea hadi nje kabisa, kwa sababu mwewe akitokea ua uko hatua mbili. Fyeka huo ua uone. Hao vifaranga hawatakuwa majasiri. Watakaa chini ya mama yao siku nzima na utasema kuku wako ni mshamba.

Samaki ni hivyo. Hakai pangoni kwa sababu pango lipo. Anatoka kwa sababu pango lipo.

Kuna siklidi wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma na Congo huko, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wadogo kabisa, hata sentimita tano hawafiki. Ungedhani kitu kidogo hivyo kinashinda ndani ya kombe kimejikunja. Lakini watu wanaowafuga watakuambia wako nje muda wote, wanachimba mchanga, wanagombana na majirani, wanafukuza hata mkono wa mwenye tangi. Ujasiri wote huo ni kwa sababu nyumba iko chini ya tumbo. Wanyime makombe hayo uone kama watakomaa.

Na kama unafikiri haya ni mambo ya mbali, hebu fuata maji yanayopita hapa kwetu. Mvua ikinyesha milima hii inaingia mito yetu, inaingia Nyando, inapita Muhoroni, inapita Ahero, inaingia Ziwa Victoria. Hilo ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za siklidi wadogo, wale Wajaluo wanaita fulu. Miaka ya 1950 na mapema ya 1960 akaletwa mbuta, samaki mkubwa mla samaki, ambaye hakuwa wa ziwa hilo. Kufikia miaka ya 1980 fulu wakaanguka vibaya sana. Wataalamu wanakadiria kama aina 200 zilipotea. Si mbuta peke yake, kuna uvuvi, kuna uchafu na udongo unaotiririka mtoni mpaka maji yanakuwa kama chai ya maziwa, na udongo mwingine unatoka mashamba yetu haya haya. Lakini mbuta alikula, na alikula sana.

Sasa swali: nani alibaki? Wengi waliobaki ni wale waliokuwa na pa kuingia. Wa kwenye miamba, kwa nyufa ambazo mdomo wa mbuta haufiki. Wa kwenye matete na mafunjo, ambako maji yana hewa kidogo, mbuta anashindwa kupumua na fulu wanavumilia. Ngege, yule tilapia wa asili wa ziwa, alipungua sana kwenye ziwa kubwa lakini bado yuko kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya, nyuma ya kinamasi. Wale wa majini wazi, pasipo mwamba wala tete, ndio waliofagiwa. Hakuna aliyekomaa kwa kupambana na mbuta uwanjani.

Kwa hivyo mtu akiniambia mahali pa kujificha ni kudekeza, namwambia aende aulize ziwa. Kwa fulu, ufa wa jiwe ulikuwa ndio tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo.

Tatu, hata hiyo hoja ya kukomaa yenyewe mnaitumia vibaya, na sisi watu wa chai ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kujua. Umeshawahi kuona kitalu cha chai? Kipandikizi ni jani moja na kijiti. Kinaingizwa kwa udongo, kinafunikwa na nailoni, juu kinawekewa kivuli. Kinakaa humo miezi. Mizizi ikishashika ndipo nailoni inaanza kufunguliwa, kidogo leo, kidogo wiki ijayo, kivuli kinapunguzwa polepole, mpaka mche unaweza kusimama juani. Hiyo ndiyo kukomaza. Hakuna mzee wa Kericho anayechukua kipandikizi siku ya kwanza anakipanda kwa jua la saa saba akikiambia "komaa." Akifanya hivyo tutamwombea.

Kivuli kwanza, mizizi, ndipo jua. Mbona kwa chai tunaelewa na kwa kiumbe chenye macho tunashindwa?

Nitasema na hii, halafu niende kwa mambo ya kazi. Mimi nilikuwa mono wa bodingi ambaye hakuongea. Mnajua vile mono anafanywa, si lazima nieleze. Nilipoenda kulalamika nikaambiwa neno hilohilo, komaa. Mnajua nilijifunza nini? Nilijifunza kukaa nyuma ya tangi la maji wakati wa mapumziko. Hiyo tu. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimejua kona. Kilichonisaidia ni kwamba muhula wa pili nilipewa kazi ya kufungua maktaba, nikawa na chumba chenye mlango, na baada ya muda nikaanza kutoka kwenye hicho chumba kwenda kuongea na watu. Leo naongea na nyinyi maelfu. Nilipata pango kwanza. Ndiyo maana ile klipu ya kugonga kioo hainichekeshi tena.

Haya. Kama una siklidi anayejificha, fanya hivi. Hizi ni vitu nimefanya kwa tangi la pili, ambalo leo lina tausi dume mmoja na majike wanne, na wanakuja kwa kioo nikiingia chumbani.

Anza na kuangalia, usianze na kununua. Kaa mbali, dakika ishirini, bila kusogea, bila simu mkononi. Tafuta mapezi yaliyochanika. Tafuta nani anafukuza nani. Samaki aliyejibanza juu kwenye kona, nyuma ya filta au hita, mara nyingi haogopi wewe, anakimbia mtu wa mle ndani. Hapo mawe peke yake hayatatosha. Mtoe anayepiga. Sikiza tena: mtoe anayepiga, si anayepigwa. Tausi hafai kuwekwa na auratus, hata muuzaji akuapie. Auratus ni kati ya mbuna wakali zaidi.

Pia jua kuna kujificha kwa heri. Majike wa Ziwa Nyasa wanabeba mayai mdomoni kama wiki tatu. Akiwa amefura koo, hali, na anakaa pembeni, usimsumbue. Ni mama huyo.

Halafu jenga. Mawe si lazima ununue. Hapa Koru tu kuna mawe ya chokaa, na siklidi wa Nyasa na Tanganyika wanapenda maji magumu yenye pH ya 7.8 hivi na zaidi, wakati udongo wetu wa chai ni wa asidi na maji ya mvua hayana madini. Jiwe la chokaa linasaidia kuyasogeza maji upande wao. Ukitaka kujua kama ni lenyewe, lidondoshee siki, likitoa povu ndilo. Lakini tafadhali, nimesema jiwe. Usitie chokaa ya unga, ile ya kupaka ukuta au ya choo, hiyo itaua kila kitu kwa dakika chache. Na ubadilishaji wa maji uwe wa polepole, usiwapige samaki na pH mpya kwa siku moja.

Mawe yakae kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga, si juu ya mchanga. Siklidi wanachimba. Wakichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe linawaangukia au linapasua kioo. Osha kila kitu vizuri, bila sabuni.

Usijenge pango moja kubwa. Hilo ni kosa langu la pili. Pango moja kubwa linakuwa nyumba ya mnyanyasaji, na wengine wote wanabaki nje. Jenga madogo mengi kuliko idadi ya samaki, na kila moja liwe na milango miwili ili mtu asizingirwe ndani. Vyungu vya sokoni vilivyovunjika mdomo ni sawa, sugua makali. Vipande vya bomba la plastiki la maji ni sawa. Pangia mawe yakate macho, yaani samaki akiwa upande huu asimwone wa upande ule. Kisha uache nafasi wazi ya kuogelea, hasa kwa tausi, kwa sababu wao kwao wanapenda mahali mwamba unakutana na mchanga.

Funika ukuta wa nyuma. Karatasi ya manila nyeusi, shilingi chache, gundi na umemaliza. Samaki anayeonekana pande zote nne yuko jukwaani usiku na mchana. Mchanga nao uwe wa rangi ya kawaida. Changarawe nyeupe inayorudisha mwanga kutoka chini inawatisha na kuwafubaza rangi.

Tangi lisikae chini sakafuni. Kwa samaki, kitu kinachotokea juu ni ndege. Mdiria hapigi hodi. Liinue lifike kifuani, lisiwe kando ya mlango unaobamizwa, na wufa ya sebuleni ihamie upande mwingine. Tausi ana vishimo kichwani vya kuhisi mtikisiko, anavitumia kusikia wadudu wakitembea ndani ya mchanga ndipo awale. Fikiria kiumbe kinachosikia mdudu chini ya mchanga, halafu wewe unamgongea kioo kwa pete.

Taa usiiwashe ghafla chumba kikiwa giza. Washa ya chumba kwanza, ngoja, ndipo ya tangi. Wape chakula saa ileile kila siku, usimame mahali pamoja. Ndani ya wiki chache watakujua.

Ongeza majirani watulivu. Samaki wadogo wa kundi wanaoogelea juu wazi bila wasiwasi ni kama mtoto anayecheza barabarani: wakiwa wametulia, wale wa chini wanajua hakuna hatari. Wawe wengi, sita au zaidi, wawe wa kupenda maji ya aina hiyo, na wasitoshe mdomoni mwa siklidi. Kwa maji magumu, samaki wa upinde kutoka New Guinea na Australia wanafaa. Ukitaka kuongeza siklidi mpya, panga mawe upya siku hiyo, ili kila mtu awe mgeni na asiwepo mwenye shamba. Na kama bado hujaanza, waingize wapole kwanza, wenye nguvu mwisho.

Mwisho, baridi. Huku kwetu usiku si Kisumu. Hao ni samaki wa nyuzi 24 hadi 26, na samaki aliyepoa anakaa chini kama mgonjwa, halafu unasema ni mwoga. Hita ni lazima. Stima ikienda, funga tangi na blanketi pande zote, usifungue kuangalia kila dakika tano.

Sasa najua mtakavyosema.

"Ni samaki tu." Sawa. Basi usimnunue. Hakuna aliyekulazimisha. Ukishamweka kwenye boksi la kioo, wewe ndiye ziwa lake. Ukuta wake, jua lake, mvua yake, yote ni wewe. Huwezi kumchukulia kila kitu halafu useme ni samaki tu.

"Watu wana njaa na wewe unajengea samaki nyumba." Mawe niliokota. Chungu kilikuwa kimevunjika. Aliyetumia pesa ni yule mwenye changarawe ya buluu na taa ya disko. Kufuga vibaya ndiko ghali, muulize mtu aliyenunua samaki mara nne kwa mwaka.

"Mimi nilitoa mawe na samaki wangu akazoea." Inawezekana. Wengine wanaishi. Lakini angalia vizuri kama amezoea au amekata tamaa. Samaki aliyezoea anakuja kula, anachimba, anaonyesha rangi. Aliyekata tamaa anaelea tu hapo wazi kwa sababu hana pengine pa kwenda, na kwa kamera wote wawili wanaonekana sawa.

Nakubali kitu kimoja. Huu upande wangu hauna kontenti ya haraka. Utaweka mawe leo na pengine usimwone samaki wiki nzima. Mimi nilikaa siku kumi na moja nikitazama vyungu. Sikuwa na cha kupost. Siku ya kumi na mbili nikiwa nasoma, nikainua macho, tausi alikuwa katikati ya tangi, buluu yote imerudi, anatetemeka mbele ya jike kama bwana harusi. Simu ilikuwa chaji chumba kingine. Sikwenda kuichukua.

Zile video tatu nimezifuta. Watu wameniuliza mbona, ndio zilikuwa zinaleta watu. Hii ndiyo sababu. Na wewe unayerekodi hizo klipu, sitataja jina lako, unajijua. Rudi uiangalie yako polepole bila muziki. Angalia nani anamfukuza nani. Halafu kesho nenda utafute mawe.